“Used to” si “-zoea”, wala “would” si “-nge-”

Miongoni mwa karatasi zinazopita mkono kwa mkono katika madarasa ya tafsiri hapa Uganda, kuna aina ya jedwali ambalo walimu wengi wamekwisha kulikuta. Upande wa kushoto yamepangwa maumbo ya vitenzi vya Kiingereza, upande wa kulia visawe vyake vya Kiswahili. “Was going” ni alikuwa akienda. “Used to go” ni alizoea kwenda. “Would go” ni angekwenda. Jedwali la namna hii ni jepesi kukariri, na wanafunzi wanalikariri kweli. Katika makala haya tunakusudia kulihakiki, kwa sababu mistari miwili kati ya hiyo mitatu inapotosha, na ule mmoja uliobaki ni kweli nusu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusumbuke na mistari mitatu ya karatasi isiyo na mwandishi. Jibu ni kwamba Kiswahili nchini mwetu kinafundishwa, kwa sehemu kubwa, kwa kupitia Kiingereza. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu watakaofanya kazi hiyo wataingia darasani na daftari zao za chuoni. Kilichomo katika daftari hizo ndicho kitakachofika vijijini.

Tuanze na Kiingereza chenyewe, maana kosa linaanzia huko. Umbo “used to” lina kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza mazoea, yaani tendo lililorudiwarudiwa katika kipindi kilichopita: “We used to walk to school.” Ya pili ni kueleza hali iliyodumu: “She used to live in Jinja”, au “There used to be a mango tree behind the church.” Katika mfano huu wa mwisho hakuna kilichorudiwa. Mwembe haukuwa ukitokea na kutoweka. Ulikuwa umesimama pale miaka yote. “Would” lina kazi ya kwanza tu. Mtu anaweza kusema “On Saturdays we would walk to the lake”, lakini hawezi kusema “She would live in Jinja” akawa na maana kwamba zamani mama yule alikuwa mkazi wa Jinja. Atakayesikia atadhani kuna sharti lililoachwa: angeishi Jinja kama nini? Tena “would” la mazoea halipendi kusimama peke yake. Linahitaji wakati uwe umekwisha kutajwa, ama kwa maneno kama “every Friday” na “in those days”, ama kwa sentensi iliyotangulia yenye “used to”. Ndiyo maana wasimulizi wa Kiingereza hufungua kwa “used to”, halafu wakaendelea kwa “would” aya nzima.

Vitabu vya sarufi vinalieleza jambo hili, ila havilielezi mahali pamoja. Katika kitabu cha Raymond Murphy, “English Grammar in Use”, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985 na ambacho kimesambaa mno katika maktaba zetu, “used to” ina somo lake peke yake. “Would” la mazoea limewekwa kwingine kabisa, kama kipengele cha mwisho katika somo ambalo sehemu yake kubwa inahusu masharti na mambo ya kudhaniwa. Hatumlaumu Murphy, kwani alikuwa akiwaandikia wanaojifunza Kiingereza na si watafsiri wa Kiswahili. Lakini mwanafunzi aliyekutana na “would” mara ishirini kama “-nge-” kabla hajafika kwenye kipengele kile kidogo, amekwisha kufunga daftari.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali haligusi kabisa. “Used to” huleta hisia kwamba jambo lenyewe limekoma. Ukisema “He used to smoke”, msikilizaji anaelewa kwamba sasa ameacha. Mwanaisimu Bernard Comrie, katika kitabu chake “Aspect” cha mwaka 1976, anaonyesha kwamba hisia hiyo si sehemu ya maana yenyewe ya umbo hilo. Ni jambo ambalo msikilizaji analikisia, na msemaji anaweza kulifuta kwa kuongeza kwamba hata leo hali ni ile ile. Hoja hiyo ni sahihi. Hata hivyo katika matumizi ya kila siku ukisio huo una nguvu sana, na mtafsiri asiyeujua anaweza kuuingiza mahali ambapo Kiswahili hakikuuweka.

Tutoe mfano wenye uzito. Tuchukulie kwamba mzee mmoja aliyestaafu jeshini, ambaye Kiswahili ndiyo lugha anayoimudu kuliko nyingine za ofisini, anaulizwa juu ya kipande cha ardhi kinachogombaniwa. Anasema: “Marehemu alikuwa akilima hapa.” Kumbukumbu za mahakama zinaandikwa kwa Kiingereza. Mkalimani ana njia kadhaa mbele yake. Akifuata mstari wa kwanza wa jedwali ataandika “He was cultivating here”, nasi tutapata picha ya mtu aliyeonekana na jembe siku moja, labda siku ile ya ugomvi. Akiandika “He used to cultivate here”, mazoea yataonekana, lakini msomaji wa faili atakisia pia kwamba marehemu aliacha kulima kabla ya kufa, jambo ambalo mzee hakulisema. Akiandika “He cultivated here every season”, itabidi kwanza awe amemuuliza mzee kama ndivyo alivyokusudia.

Wala hizi si tofauti za kuchezea. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamlinda mkaaji wa nia njema, na mmoja wa wanaohesabiwa hivyo ni yule aliyekaa katika ardhi na kuitumia kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 kuanza kutumika, bila mwenye hati kumpinga. Mbele ya sheria ya namna hiyo, siku moja yenye jembe haina uzito wowote. Misimu iliyofuatana ndiyo yenye uzito. Na kama ilikatika, ni lazima ijulikane ilikatika lini. Maneno matatu ya mzee, alikuwa akilima hapa, yanaweza kumaanisha yote mawili, siku moja au misimu mingi, na Kiswahili hakioni taabu kwa kuwa wazungumzaji wanatazama mazingira. Kiingereza kinamlazimisha mtu achague. Kwa hiyo wajibu wa mkalimani hapa ni kuuliza swali la pili: siku ile, au kila msimu? Jedwali halimfundishi kuuliza.

Kutokana na mfano huu baadhi ya wenzetu husema kwamba Kiswahili hakitofautishi tendo lililokuwa likiendelea na tendo la mazoea. Hatukubaliani nao. Ni kweli kwamba -kuwa pamoja na -ki- hutumika kwa yote mawili katika vitenzi kama kulima, kusoma na kupika. Lakini liko kundi kubwa la vitenzi ambamo tofauti hiyo iko wazi kabisa, wazi kuliko inavyodhaniwa. Ni vitenzi vinavyotaja kuingia katika hali fulani: kuvaa, kusimama, kuketi, kulala, kushika, kubeba, kupanda. Tazama kitenzi kuvaa. “Alikuwa amevaa miwani” ina maana kwamba ukimtazama wakati ule, miwani ilikuwa usoni mwake. “Alikuwa akivaa miwani” ina maana kwamba alikuwa mtu wa miwani, au, kama mazingira yanaruhusu, kwamba alikuwa katika kitendo chenyewe cha kuiweka usoni. Kwa hiyo “He was wearing glasses” ni alikuwa amevaa miwani, na “He used to wear glasses” ni alikuwa akivaa miwani. Mwanafunzi anayeshika mstari wa kwanza wa jedwali, kwamba “was” pamoja na “-ing” ni alikuwa aki-, atatafsiri kinyume, na amempa mtuhumiwa mazoea ya kuvaa koti jekundu ilhali shahidi alisema tu kwamba jioni ile alilivaa.

Hali kadhalika “alikuwa amesimama mlangoni” na “alikuwa akisimama mlangoni”. Ya kwanza ni askari uliyemkuta pale. Ya pili ni askari ambaye mahali pake palikuwa pale, siku zote. Tumewahi kuwapa wanafunzi wa mwaka wa pili sentensi hizi mbili bila maelezo, tukawauliza ni ipi inayoweza kufuatiwa na maneno “kila asubuhi”. Hawakubahatisha. Wanajua tayari, hata wale ambao Kiswahili walikipata barabarani na sokoni. Kinachowapoteza ni jedwali, si lugha.

Hali zisizo na kitenzi cha tendo ni rahisi zaidi, nazo hazihitaji -ki- hata kidogo. Mwembe ule wa nyuma ya kanisa ni: “Zamani palikuwa na mwembe nyuma ya kanisa.” Mtu aliyekuwa mwenye haya: “Zamani alikuwa na haya.” Neno zamani hapa linafanya sehemu ya kazi ya “used to”, ile ya kudokeza kwamba mambo yamebadilika. Tunawasihi walimu wasilihesabu kuwa ni nyongeza ya mwanafunzi na kulikata kwa sababu “halimo katika Kiingereza”. Limo, ila limejificha ndani ya kitenzi.

Sasa tuje kwenye “would”, ambako ndiko jedwali linakofanya uharibifu mkubwa. Mfano: “Every Friday our aunt would come and bring us bananas.” Kwa mujibu wa jedwali: “Kila Ijumaa shangazi angekuja na angetuletea ndizi.” Msomaji wa Kiswahili anapoona -nge- anasubiri kikwazo: angekuja, lakini mvua ilinyesha; angekuja, kama angepata nauli. Shangazi aliyefika kila Ijumaa kwa miaka mingi anageuzwa kuwa shangazi ambaye hakuonekana. Hili si kosa la mtindo. Maana imepinduliwa juu chini.

Kisawe chake kiko, na kinafanana na “would” kwa namna ya kupendeza. Kama Kiingereza kinavyofungua kwa “used to” kisha kikaendelea kwa “would”, Kiswahili kinafungua kwa alikuwa, kisha -ki- inabeba yaliyobaki bila kurudia kitenzi kisaidizi: “Shangazi alikuwa akija kila Ijumaa, akituletea ndizi, akikaa kibarazani akitusimulia habari za Masaka.” Akituletea, akikaa, akitusimulia: hizo ndizo “would” tatu. Tena kama “would”, -ki- hii haianzishi kipindi cha zamani yenyewe. Inategemea kilichotajwa kabla yake.

Hata hivyo ziko tofauti ambazo mtafsiri ni lazima azijue. “Would” inaweza kuvuka nukta na kuanzisha sentensi nyingine na nyingine tena. -ki- haiwezi. Ukianza sentensi mpya kwa “Akifika jioni”, msomaji ataielewa kama “kila anapofika” au “iwapo atafika”, naye atasubiri kishazi kikuu. Basi mpe: “Akifika jioni, tulikuwa tukimkimbilia.” Kwa maneno mengine, sentensi mpya ya Kiswahili hudai kitenzi kisaidizi kipya, au hu-, au walau -li- yenye kila na siku zote. Mwanafunzi ajihadhari pia na kukimbilia -ka-. “Shangazi alikuja Ijumaa, akatuletea ndizi, akakaa kibarazani” ni habari ya Ijumaa moja.

Tumetaja hu-. Wengi hufundisha kwamba kiambishi hiki ni cha wakati uliopo tu, kwa hiyo hakina nafasi katika mjadala wa zamani. Ashton, ambaye sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1944, alikieleza kuwa ni cha matendo ya kurudiarudia bila kukifunga na wakati, na hapo tunamfuata. Wakati unaletwa na kitenzi kisaidizi: “alikuwa hupika kwa kuni”, “walikuwa hukutana chini ya mti ule.” Baadhi ya wenzetu wanaliona umbo hili kuwa zito masikioni. Sisi tunalipendekeza darasani kwa sababu moja: haliwezi kueleweka kama tendo la siku moja. Pale ambapo alikuwa akilima inaacha mashaka, alikuwa hulima haiachi. (Mwalimu aepuke tu kulifundisha kwa kitenzi kwenda, kwa kuwa huenda ina maana nyingine pia, nayo humchanganya anayeanza.)

Kuhusu -zoea hatuna mengi. “Nimezoea kuamka mapema” ni “I am used to waking up early”, na “I used to wake up early” ni jambo jingine. Moja linasema kuamka mapema hakunisumbui. La pili linasema zamani ndivyo nilivyofanya, hata kama nilikuwa nikinung’unika kila siku. Yote mawili yana neno “used”, na hapo ndipo jedwali lilipoteleza. Ni kweli kwamba katika masimulizi mtu huweza kusema “alizoea kufika jioni” akakaribia maana ya mazoea ya zamani, lakini hata hapo kuna harufu ya mtu na tabia yake. Kwa mwembe haifai kamwe. Hakuna mwembe uliozoea kuwa nyuma ya kanisa.

Katika kukanusha, Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakinao. “He didn’t use to eat meat” inaweza kuwa “hakuwa akila nyama” au “alikuwa hali nyama”. Katika ya kwanza tunakanusha kwamba mazoea hayo yalikuwapo. Katika ya pili tunasema mazoea yalikuwapo, nayo yalikuwa ni kutokula: mtu ana mwiko wake, na jamaa zake wanaujua. Anayetafsiri maisha ya mtu wa dini au mganga atahitaji ile ya pili mara nyingi kuliko ya kwanza.

Limebaki jambo ambalo tunajua litazua ubishi idarani. Wanafunzi wetu huandika “alikuwaga anakuja”, “tulikuwaga tunacheza pale”. Kalamu nyekundu hupita juu ya -ga bila neno lolote, kana kwamba ni uzembe wa mtoto wa mtaani. Hiyo -ga haikuzuka jana. Katika Kinyarwanda, yakoraga ni “alikuwa akifanya kazi” au “alikuwa na desturi ya kufanya kazi”. Waganda wana yakolanga kwa maana ya mazoea. Kiswahili cha mashariki ya Kongo na cha Lubumbashi kina -ag- na -ak- zinazofanya kazi hiyo hiyo, na katika mazungumzo ya kawaida nchini Tanzania anakujaga na anasemaga husikika kila siku. Meeussen, katika kazi yake ya mwaka 1967 ya kuunda upya sarufi ya lugha mame ya Kibantu, aliiweka -ag- mwishoni mwa mzizi wa kitenzi, kabla ya irabu ya mwisho. Kiswahili sanifu kimeiacha, kikajaza pengo kwa -kuwa, -ki- na hu-. Ndugu zake hawakuiacha.

Hatusemi ipewe alama katika mtihani wa Kiswahili sanifu. Kanuni ya mtihani ni kanuni. Tunachosema ni kwamba mwanafunzi anayeandika alikuwaga anakuja ametambua sawasawa kwamba hapa kuna mazoea na si tendo la siku moja, wakati mwenzake aliyeandika alikuwa akija kwa kukariri jedwali huenda hajatambua chochote. Asahihishwe kwa kuambiwa alichokijua na namna sanifu ya kukisema. Tena aonywe kwamba -ga si “used to”, kwa kuwa -ga huingia hata katika wakati uliopo, ambako “used to” haifiki. Kiingereza cha karne zilizopita kilikuwa na “use to” ya wakati uliopo, ikafa. Mwanafunzi wetu anayeandika “I use to wake up at six” akikusudia siku hizi anaifufua bila kujua, naye asaidiwe vivyo hivyo: Kiingereza kitampa “usually”, Kiswahili kitampa huamka.

Kwa wenzetu wanaofundisha tafsiri muhula ujao, tunapendekeza zoezi moja kabla ya kugawa karatasi yoyote yenye jedwali. Waandikieni wanafunzi ubaoni “Alikuwa akipanda baiskeli” na “Alikuwa amepanda baiskeli”, kisha watoe tafsiri za Kiingereza za zote mbili na kueleza ni ipi wangeipokea kutoka kwa shahidi wa ajali. Wanaotoka Magharibi mwa nchi, Acholi, Teso na Busoga waseme pia lugha zao zinafanyaje. Majibu yatakayopatikana tungependa kuyaona, na yale ya Kiacholi hasa, kwa kuwa si lugha ya Kibantu na huenda inaligawa jambo hili kwa njia ambayo makala haya hayakuitaja.